Mtahini wa Mnadani

Watu huenda mnadani Bariadi kununua, kuuza au kula nyama choma. Minza alikwenda kumhutubia ng'ombe kwa Kiingereza.

Nyumbani alikopanga, akifungua tu mdomo kufanya mazoezi, wapangaji wenzake walianza kucheka. Mnadani, kwa jinsi ng'ombe walivyolia na madalali walivyopiga kelele, hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Basi asubuhi hiyo, akiwa na sketi ya kitenge na raba nyeupe za kazini zilizokwisha kukanyaga kinyesi, alisimama kando ya zizi, maswali ya mtihani yamefunguliwa kwenye simu mkononi, akimweleza dume mwekundu mwenye baka jeupe usoni faida za kuishi mjini.

"Mwangaluka, mayu," sauti ilimsalimia kwa Kisukuma kutoka nyuma. "Huyo haijui hiyo lugha. Ametokea Meatu."

Minza akageuka, aibu imempanda mpaka masikioni. Mbele yake alisimama kijana mrefu, gambuti hadi magotini, kofia pana, fimbo kwapani.

"Mwangaluka. Wewe nani, msemaji wake?"

"Dalali wake. Naitwa Mboje. Yeye hata akikuelewa hatakujibu. Mimi angalau nilifika kidato cha nne, maswali naweza kukusomea."

Ndivyo mapenzi yalivyoanza, tusizunguke. Minza alikuwa nesi, na hospitali moja ya ng'ambo ilikuwa tayari kumchukua kwa miaka miwili, mradi afaulu mtihani wa Kiingereza kule Mwanza. Kuandika hakukumsumbua. Kilichomtoa jasho ni kuzungumza. Kila jioni Mboje alikuja na mahindi ya kuchoma, akashika simu, akasoma maswali kwa sauti ya mnadani na kumpimia dakika mbili.

"Muda! Umekwama tena, mama watoto."

"Watoto gani? Soma linalofuata, bwana."

Anatoli, mwalimu wake wa mtandaoni, alikuwa amemfundisha ujanja: mtahini hapimi ukweli, anapima ulimi, kwa hiyo tunga lolote. Minza akatunga. Akajipa kaka rubani, akajipa profesa aliyembadilishia maisha, na Mboje akacheka mpaka akatokwa machozi. Mpaka jioni moja swali likaja: ukihama nchi, utamkumbuka nani zaidi?

Minza akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka. Hakuna. Hana mchumba, hana anayemsubiri, hana kinachomshika hapa. Hakukwama hata mahali pamoja.

Mboje aliweka simu juu ya kigoda.

"Kwa hilo hukukwama."

"Eeh, umeona? Naiva sasa!"

"Nimeona," alisema, akachukua kofia yake na kuondoka.

Kesho yake simu ya Mboje haikupatikana. Keshokutwa ikapatikana, haikupokelewa. Alipopokea hatimaye, alisema maneno machache tu: "Niko Bukundi, natafuta ng'ombe. Soma mtihani wako."

Minza alikasirika. Kwani ujanja wa Anatoli yeye hakuujua? Alikaa, akasimama, akafua sare zilizokuwa safi, akafungua simu na kuifunga. Kwa kaka rubani alikwama. Kwa profesa alikwama. Mbona kwa lile swali ulimi haukukwama? Alikuwa ameitamani safari kwa muda mrefu mno, akaogopa kwamba pengine alikuwa amesema kweli.

Mwanza, mtahini alikuwa mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani. Akamsukumia kadi: mweleze mtu aliyekusaidia kujifunza jambo. Profesa alikuwa tayari mdomoni. Minza akafungua mdomo, akatoka dalali wa ng'ombe. Alikwama, akarudi nyuma, akachanganya wakati uliopita na ujao, akazieleza gambuti na mahindi ya kuchoma. Hajafika hata katikati, mtahini akainua kidole. Muda umekwisha.

Alipiga simu kabla hajafika getini.

"Haloo," Mboje aliitika, ng'ombe wakilia nyuma yake.

"Mboje, nimeharibu mtihani."

"Umeharibuje?"

"Nilitakiwa nimtaje profesa. Nimekutaja wewe. Nimekwama kila mahali, wamenikatisha hata gambuti sijazimaliza."

"Gambuti zangu umezipeleka kwa Wazungu?"

"Usicheke, mwenzio nalia."

"Sicheki. Minza, ukifaulu utaondoka?"

"Nitaondoka." Uongo ulikuwa umemchosha.

"Najua, wala sikuzuii. Ila nijibu lile swali tena. Kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, utakavyo. Ukiwa huko, utamkumbuka nani?"

Minza akaanza, akaacha. Alitamka nusu ya jina, likakatika. Alivuta pumzi, akaanza upya, likatoka neno lisiloeleweka. Wapita njia walimtazama.

"Haya," Mboje alisema taratibu, na sauti yake nayo haikuwa sawa. "Hapo umekwama. Sasa nimekuamini."

"Mboje..."

"Sikiliza, mpenzi. Nikirudi nawachukua wazee wangu, tunakwenda Lalago kwa wazazi wako. Miaka miwili nitasubiri, lakini nisubiri nikiwa najulikana kwenu. Na yule dume mwenye baka sikumuuza. Nimemnunua mwenyewe, ndiye atakayetangulia kwenye mahari."

"Dume wangu?"

"Ndiye huyo, uliyemfundisha Kiingereza. Unakubali?"

Minza alitaka kusema ndiyo. Akakwama tena, na safari hii Mboje hakumpimia muda.