Nambari Mlangoni kwa Gesare

Jumapili asubuhi, Machi 1967, mwalimu Nyasani alikutwa amekufa chini ya jabali la Manga, kwenye migomba ya bibi kizee Gesare. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kifuani paliwekwa jiwe laini la kuchonga, la kutoka machimbo ya Tabaka, lililochongwa nambari: moja, sufuri kumi na moja, kisha moja tena. Mimi na wewe tungeona nambari tu. Watu wa Manga waliona macho kumi na moja yasiyofumba, wakasema huu ni uchawi, na mchawi ni Gesare.

Inspekta Ongeri alifika kutoka Kisii saa nne, na askari mmoja tu. Vijana walikuwa wamekwisha kuizunguka nyumba ya Gesare, mafuta ya taa mkononi, majani makavu ya migomba yamerundikwa ukutani. Ongeri alizaliwa huko huko. Utotoni aliona nyumba ikiteketezwa, mtu akiwa ndani.

"Mwanangu, wataniunguza!" Gesare alilia kutoka ndani.

"Hawakuunguzi, mama," alisema, wala hakuyaamini maneno yake mwenyewe.

Mwalimu Onsongo, aliyefundisha hesabu pamoja na marehemu, akajitokeza mbele ya umati.

"Afande, tangu agombane na huyu bibi, Nyasani hakulala. Alihangaika na nambari hii hata akaichongesha. Mimi jana kutwa nilikuwa nyumbani kwangu Mosocho nikiigawanya. Nimejaribu kila nambari tasa, zile zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe, mpaka mia mbili. Zote zinabakiza! Nambari kama hii si ya binadamu. Ni laana."

"Choma!" mtu akapaza sauti.

"Ngojeni!" Ongeri akapiga kelele. "Niigawanye mwenyewe. Nikishindwa, naondoka."

Lo, ahadi gani hiyo! Akaokota kijiti, akaiandika nambari mchangani kwa tarakimu kubwa, kutoka pembe moja ya ua hadi nyingine, mbele ya mlango. Vijana wakarudi nyuma. Hakuna aliyetaka mguu wake uguse sufuri zile.

Tatu ikabakiza mbili. Saba, mbili. Kumi na moja, mbili. Kumi na tatu, mbili tena! Nywele zilimsimama. Mama yangu, na kama kweli ni laana? Kumi na saba ikabakiza kumi na nne, akapumua, akaendelea huku jasho likimdondoka na umati ukinung'unika.

Kwa sabini na tatu haikubaki kitu. Akarudia. Haikubaki. Akalichukua jibu lililopatikana, akaendelea kuligawanya. Kwa mia moja thelathini na saba, haikubaki kitu tena.

"Mwalimu, sabini na tatu uliijaribu?"

"Niliijaribu. Ilibakiza."

"Na mia moja thelathini na saba?"

"Nayo pia."

"Kosa moja, sawa. Mawili, kwa mwalimu wa hesabu? Jana hukugawanya chochote. Ulikuwa wapi?"

"Umekosea wewe!" Onsongo akakatiza ua kwa hatua ndefu, juu ya sufuri zote, akaanza kuifuta hesabu kwa kiatu.

"Tazameni miguu yake," Ongeri alisema. "Ametuambia ni laana, mbona yeye anaikanyaga?"

Onsongo akatazama viatu vyake.

"Nilishawatangazia walimu wa wilaya nzima kwamba haigawiki," alisema. "Jana, juu ya jabali, Nyasani alikuja na jiwe lake akanionyesha ile sabini na tatu. Akanicheka. Akanicheka sana! Nikamsukuma. Kisha nikashuka, nikamwekea jiwe kifuani ili mumtafute mchawi."

Askari akamfunga pingu. Vijana wakatawanyika bila hata kumwambia Gesare pole, na mafuta yao wakaondoka nayo.

Ongeri akakata tawi ili aifute nambari.

"Usiifute," Gesare alisema, amesimama mlangoni. "Waliogopa hiyo, wewe hawakukuogopa." Kisha akatazama upande wa Nyamira, ambako mawingu meusi yalikuwa yakipanda. "Mwanangu, na mvua ikinyesha?"

Ongeri akatupa tawi. Akamwagiza askari atangulie na mtuhumiwa.

"Nipe kigoda, mama," alisema. "Leo nalala hapa mlangoni."