Mbegu kwenye Gari la Mama Janet

Duka la vipuri la Kazungu mjini Malindi lilijaa watu hadi barazani asubuhi hiyo ya Jumatatu. Makanika walibishania bei, pikipiki zilinguruma nje, na harufu ya grisi ilichanganyika na ya viazi karai vilivyokaangwa mlango wa pili. Katika msongamano huo, mikono miwili ilishika burashi moja, ya mwisho dukani.

Mkono mmoja ulikuwa wa Wanjira, mwenye kituo cha kuosha magari kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Alivaa ovaroli ya buluu iliyopauka na kitambaa chekundu kichwani. Mkono wa pili ulikuwa wa Mwaringa, dereva, kijana mrefu wa Kaloleni aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri kwa pasi. Alimweleza kwamba burashi anaihitaji kuliko yeye. Mwajiri wake alikuwa akirudi kwao New Zealand na gari lake, na watu wa huko hawataki kuona hata chembe ya udongo wa Kenya. Ameliosha tangu juzi, bado matope yanatoka.

"Unaliosha na nini?" Wanjira akauliza.

"Mpira wa bustani na sabuni ya unga."

"Hapo umelinywesha maji tu, kaka. Niachie burashi, uniletee gari."

Mwaringa akaiachia. "Burashi nimeacha," akasema. "Jina siachi mpaka niambiwe."

"Wanjira. Sasa toka mlangoni, watu wapite."

Wanjira alicheka njia nzima akirudi kazini, na hakujua kwa nini.

Mwenye gari alikuwa Mama Janet, muuguzi mzee aliyetibu watu wa Gongoni kwa miaka mingi. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, lakini mwanawe wa kwanza alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, njiani kwenda hospitali, na hakuna mtu aliyeweza kumwambia aliuze. Wakala wa meli alieleza masharti: kusiwe na udongo, mbegu, jani wala mdudu, ndani, juu au chini ya gari. Mkaguzi angekuja kuliangalia papo hapo Malindi, kisha libebwe na lori hadi bandarini Mombasa lisiguse tena barabara.

Kwa Wanjira hilo lilikuwa gari la kwanza la kwenda ng'ambo. Alikuwa amemwomba Mungu kazi ya namna hiyo tangu alipoacha kuosha matatu.

Wakaanza, Wanjira, wafanyakazi wake na Mwaringa. Walitoa viti na mazulia, wakafungua taa, wakapuliza rejeta. Kwenye bawaba za milango walikuta chumvi ya Gongoni imeganda kama jiwe, na chini ya kiti manyoya ya kuku aliyesafiri nani ajuaye lini. Mwaringa alikuja kila siku mapema kuliko Wanjira, kwa miguu, katika suruali yake ya kijivu ya kanisani. Alikuwa na funguo za pili za gari, hivyo Wanjira akifika hukuta gari limeshatolewa bandani. Wanjira aliamini suruali hiyo ilivaliwa kwa ajili yake, na alikuwa sahihi.

Siku moja simu yake ililia akiwa anasugua magurudumu.

"Haloo, laazizi," sauti ikasema.

"Mwaringa, si uko chini ya gari?"

"Nipo. Kutoka huku naona viatu tu, lakini vinatosha."

Akamrushia sponji lililojaa povu. Kuanzia siku hiyo wote wawili walijua.

Mkaguzi, mzee mpole aitwaye Mramba, alipokuja na tochi yake, alikagua kila pembe na kuridhika, mpaka alipoinua zulia la dereva. Chini yake palikuwa na mbegu nyembamba nyeusi za kishona nguo, zile zinazonasa mtu akipita kwenye majani. Akatikisa kichwa. Wakala alipiga simu jioni hiyo na kusema meli haingoji. Ukaguzi wa mwisho ni Ijumaa. Likikataliwa tena, gari litapelekwa kwa waosha magari wa Mombasa, na Wanjira hatapewa lingine.

Wanjira alisafisha upya kwa mikono yake, akafunga milango yote, akaenda nyumbani. Asubuhi alipofika, gari lilikuwa limeshatolewa nje kama kawaida. Akainua zulia. Mbegu zilikuwepo.

Mwaringa alikuwa amesimama hapo anatabasamu. Akauona uso wake, akaacha.

"Jana niliacha pakiwa safi," Wanjira akasema. "Funguo tunazo wawili tu."

"Una maana gani?"

"Gari likienda, kazi yako imekwisha. Naelewa ukitaka libaki. Lakini usilizuie kwa kuniharibia mimi jina."

Wafanyakazi walikuwa wakisikia. Mwaringa akaona kwamba kwa maneno hayo ameshahukumiwa. Akaweka funguo juu ya boneti na kuondoka.

Baada ya hapo hakuna mbegu iliyoonekana tena. Ushahidi ulikuwa umekamilika, na haukumpa Wanjira raha yoyote. Alipopiga magoti kuomba, alijikuta akitaja jina la Mwaringa.

Ijumaa lori lilifika. Mama Janet alipiga simu kukumbusha kwamba gia ya nyuma ya gari lile humtii Mwaringa peke yake, na gari lilipaswa kupanda lori kinyumenyume. Wanjira ampigie mwenyewe, akasema, maana kijana amekuwa mkimya kama mfiwa.

"Haloo," Mwaringa akaitika.

"Ni mimi."

"Nakusikia, Bi Wanjira."

Hilo Bi lilimchoma kuliko tusi. Akaeleza habari ya gia. Mwaringa akajibu kwamba atakuja kwa heshima ya Mama Janet.

Mramba alipitisha tochi yake kila mahali, polepole, hata ndani ya mirija ya maji. Mwishowe akaizima. "Limepita," akasema.

Wanjira aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema asante Yesu mara nyingi kiasi kwamba wafanyakazi walianza kucheka.

Ndipo Mwaringa alipoingia langoni. Akampa Mramba shikamoo, akaelekea kwenye mlango wa dereva. Mramba akanyoosha mkono kumzuia.

"Gari limepita," akasema. "Dereva hajapita."

Tochi iliwaka tena, ikashuka kwenye suruali ya kijivu. Mbegu nyeusi zilikuwa zimejaa kwenye magoti yote mawili.

Mwaringa aliyatazama magoti yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Kumbe ni mimi ninayezileta garini," akasema taratibu. "Mungu ni shahidi, sikujua."

Mramba alisema mtu akipita tu kwenye majani, mbegu hunasa pindoni. Hizi za magotini amezitoa wapi?

Chumbani kwake walilala watatu, Mwaringa akaeleza, na hapakuwa na faragha. Kwa hiyo kila alfajiri alipita kwenye kiwanja ambacho kanisa limenunua na halijajenga, akapiga magoti humo kwenye majani, ndipo akaja kazini.

"Unaomba nini?" Wanjira akauliza.

"Kazi yako isimame."

"Hata baada ya maneno yangu?"

"Hata leo. Nilikuwa na hasira, nikaomba kwa hasira. Lakini niliomba."

Mramba akakumbuka kwamba kuna gurudumu la lori anapaswa kuliangalia.

Wanjira alisimama mbele ya wafanyakazi wale wale waliosikia siku ile. "Nilikusingizia, Mwaringa," akasema kwa sauti ya kusikika. "Nisamehe."

"Nilikusamehe juzi. Nilikuwa nangoja uombe tu."

Wanjira akacheka huku analia, na kifua chake kikawa chepesi kuliko kilivyokuwa wiki nzima. Kisha kazi ikawakumbusha kwamba haijakwisha. Suruali ile isingeweza kuingia tena garini, na hapakuwa na ovaroli ya kumtosha mtu mrefu vile, hivyo Wanjira akamletea leso yake safi yenye maua makubwa ya manjano. Mwaringa alipanda gari peku, leso imefungwa kiunoni, na gia ya nyuma ikamtii. Wafanyakazi walimpigia vigelegele kama bibi harusi.

Aliporuka chini kutoka kwenye lori, alimwendea Wanjira moja kwa moja.

"Kulikuwa na ombi la pili," akasema. "Hilo Mungu amesema nikuulize mwenyewe. Utakubali nikuoe?"

Wanjira alimtazama: shati limenyooka, maua ya manjano, miguu mirefu mitupu.

"Nimekubali," akasema. "Baba yuko Nyahururu, nenda ukamwone. Lakini mpenzi, vaa suruali."