Nyumba ya Kimo cha Nekoye

Nyayo zilianza kusikika kabla plasta haijakauka. Fundi Wasike, aliyeachwa peke yake kulinda nyumba mpya ya mzungu nje kidogo ya Eldoret, alidhani ni mbao zinajinyoosha kwa jua la saa tisa. Lakini mbao gani hizo zinapanda ngazi, zinapumzika dirishani, halafu zinashuka?

Mnawajua mafundi wa miaka ile ya thelathini. Futikamba walikuwa nayo, ila mwili waliuamini zaidi. Bwana mwenye nyumba alikwenda Mombasa kumpokea mchumba wake melini, akaacha amri kwamba ngazi na madirisha yamtoshe mwanamke. Mwanamke yupi sasa? Pale kiwanjani hakuwepo hata mmoja wa kusimama ukutani apimwe. Basi Wasike, jamani, akafumba macho akamkumbuka marehemu mkewe, Nekoye. Ukingo wa dirisha akauweka pale kiwiko chake kilipokuwa kikifika. Ngazi akazikata kwa hatua yake. Alipima huku akilia, wala hakuona kosa.

Siku ya pili nyayo zikawa nzito. Siku hiyo hiyo Wasike alishika sufuria ya moto bila kusikia joto lolote. Siku ya tatu akainusa simiti mbichi, akainusa tena. Hakuna harufu.

Nabwire, mpishi wa shamba la jirani aliyemletea uji kila asubuhi tangu aachwe peke yake, aliviona vidole vilivyoungua, akanong'ona, "Fundi, hii nyumba ulipima kwa nani?"

"Kwa mama watoto."

"Yule alikufa? Woi! Kwetu mlango haupimwi kwa marehemu. Umelijengea jini mwili, na sasa linachukua wako lijaze ule. Vunja hizo ngazi leo, kabla hujaisha."

"Na kama ni Nekoye mwenyewe?"

"Nekoye angekuacha uungue hivyo?"

Alasiri mvua ya mawe ikapiga mabati, na Wasike akainua nyundo juu ya ngazi ya kwanza, mikono yake haimwambii tena kama mpini ni baridi au moto, na nyayo zikashuka moja moja kutoka juu, zikikaa sawasawa kila mahali alipokata, mpaka zikasimama mbele ya uso wake, na sauti ya Nekoye ikasema taratibu, "Wasike. Umenijengea vizuri."

Alijua si yeye. Wallahi alijua. Lakini tangu amzike mkewe hakuna aliyemwita kwa jina. Kwa kila mtu alikuwa fundi tu. Upweke ulimshinda. Akaiweka nyundo chini.

Asubuhi Nabwire alifika na uji. "Fundi!"

"Niko hapa, Mama," Wasike akajibu, amesimama mlangoni.

Nabwire akatazama mlango kana kwamba hauna mtu, akaita tena. Wasike akapiga kelele, akamshika bega kwa mikono miwili. Mama yule hakugeuka. Aliinua macho dirishani, kikombe kikamtoka, akakimbia bila kutazama nyuma.

Pale juu mtu alikuwa ameegemea ukingo kwa viwiko, akivuta pumzi ndefu.

"Mbona anakimbia?" akasema kwa sauti ya Nekoye. "Na uji wenyewe unanukia hivi."