Roketi Iliyogoma Kuruka

Kila Ijumaa baada ya uji, wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya Nanyala huwafundisha sayansi wadogo zao wa darasa la pili. Ijumaa hiyo ilikuwa zamu ya Tukuswiga. Alikuwa ametengeneza roketi kwa chupa ya maji. Kizibo alikichonga kutoka kwenye ndala kuukuu, akapitisha katikati yake mdomo wa chuma wa tyubu ya baiskeli.

"Umeijaribu?" Mwalimu Restuta alimwuliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Jana iliruka juu kuliko paa la kanisa."

Haikuwa kweli. Jana alicheza mchezo wa rede na wenzake mpaka giza likaingia.

Uwanjani, aliitia chupa maji, akaiziba, akaisimamisha kichwa chini kati ya matofali mawili. "Roketi ya kweli hutema moto chini kwa nguvu," aliwaeleza watoto. "Nguvu hiyo huisukuma juu, hadi angani mbali kuliko mawingu. Yetu itatema maji. Haya, hesabuni!"

"Tatu! Mbili! Moja!"

Akajaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Fsss! Maji yakamrukia usoni, chupa ikabaki palepale. Akajaribu tena hadi mikono ikamuuma. Fsss! Mara ya tatu hakuna aliyehesabu. Watoto walikuwa wamegeuka kutazama malori ya barabarani yanayokwenda mpakani Tunduma. Machozi ya hasira yakamlengalenga.

"Ni huyu Nesta!" akafoka. "Ameigusa, ameiharibu!"

Nesta, mtoto wa miaka saba, alitoa macho. "Mimi sijaigusa, dada," akasema, kisha akaangua kilio.

Kilio kile kilimchoma Tukuswiga. Akajipangusa maji yaliyomchuruzika shingoni.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "Nesta hana kosa. Sikuijaribu. Nilidanganya."

"Basi ijaribu sasa," Mwalimu alijibu. "Lakini anza na Nesta."

Tukuswiga akapiga magoti. "Nisamehe, mdogo wangu."

Nesta akafuta machozi kwa kiganja. "Baba akiziba pancha, anaweka tyubu kwenye beseni la maji. Mapovu yanapotoka, ndipo palipotoboka."

Beseni likaletwa, Tukuswiga akazamisha mdomo wa chupa majini na kujaza upepo. Mapovu yakatoka kandokando ya kizibo, pale alipokata harakaharaka. Akakizungushia ukanda wa mpira. Safari hii chupa iliruka hadi magotini tu, ikaanguka. Tukuswiga akauma meno, akapunguza maji, akakaza kizibo upya.

"Tatu! Mbili! Moja!"

Pwaa! Chupa ikachomoka, ikaupita mlingoti wa bendera, huku watoto wakipiga kelele na kuikimbilia.

Mwalimu Restuta akamshika bega Tukuswiga. "Kushindwa si aibu," alisema. "Kazi iliyoharibika hurekebishwa. Lakini ukiifunika kwa uongo, hutajua inavujia wapi, na mzigo wako utambebesha asiye na hatia."