Mahindi Yaliyokataliwa

Kuna kuchoka kwa siku, na kuna kuchoka kwa Hilaria wa kijiji cha Mamba. Alikuwa amelima, amepalilia, amefukuza nyani na kuvuna. Mahindi akayaanika uani, juu ya udongo mtupu, kama alivyofanya mama yake. Leo lori la mnunuzi limeondoka bila hata gunia lake moja. Mnunuzi alisema yana unyevu na ukungu, na huko Burundi anakoyapeleka yangerudishwa mpakani.

Hilaria aliketi juu ya gunia. Miguu ilimuuma, na moyo nao ulimuuma.

Respicius, bwana shamba wa kata, alipopita kuwasalimu, Gaspar, mume wa Hilaria, alimuuliza Warundi wanahusikaje na mahindi ya Mamba. Respicius akawakumbusha mambo ya sokoni: kila mnunuzi akija na debe lake, si mtagombana kutwa? Nchi nazo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zilikaa pamoja na wataalamu wao, zikakubaliana kipimo kimoja cha ubora wa mahindi. Kipimo cha hapa ndicho cha kule.

"Haya," Hilaria alisema kwa uchovu. "Waliyoyakataa wao tutayakula sisi. Chakula hakitupwi."

Respicius aliacha kutabasamu. "Mama Kelvin, kipimo kile hakikuwekwa kwa ajili ya lori. Kiliwekwa kwa ajili ya mlaji. Ukungu huleta sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na haitoki kwa kupikwa. Yenye ukungu msile nyie, hata kuku msiwape."

Mwaka jana pia mahindi ya Hilaria yalikataliwa, na ndiyo aliyowasagia wanawe. Uchungu ukamshika, akalia bila kujificha.

Msimu uliofuata walianika juu ya turubai. Respicius aliwafundisha kutia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, kutikisa, kisha kungoja kidogo. Chumvi ikinata kwenye chupa, unyevu bado upo. Ilinata, Hilaria akayarudisha juani. Ikanata tena, akayarudisha tena, mgongo ukimlalamikia. Mwishowe chumvi ikateleza chini yote.

Lori liliporudi, mnunuzi alipima kwa kifaa chake, akaamuru wapakie. Gaspar alimwita mkewe aje ashuhudie.

Hilaria hakutoka. Alikuwa ghalani na chupa yake, mbele ya magunia ya chakula cha nyumbani.

"Hayo ya lori wanayapima wenyewe," alijibu. "Mimi napima ya wanangu."