Picha za Siku ya Saba ya Yasin

Kila jioni, akishamaliza kazi zake za shule, Nawara alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kuishika simu ya mama wakati baba akipiga kutoka Kuwait. Baba alikuwa fundi bomba huko, na likizo yake ilikuwa bado miezi mitano. Nawara aliizungusha simu nyumba nzima ili baba aone kila kitu, paka juu ya kabati la viatu, bibi akichambua mchele, hata sufuria zilizo jikoni.

"Bamia tena?" baba aliuliza.

"Bamia hiyohiyo ndiyo iliyokukuza," Bibi Inshirah alimjibu mwanawe bila kuinua macho kwenye sinia.

Kisha mama akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Yasin. Alhamisi, siku moja kabla ya sherehe ya siku ya saba, baba alizungumza taratibu kuliko kawaida.

"Nawara, siku yako ya saba nilikuwepo. Nilikubeba mwenyewe. Huyu mdogo wako sitamwona, saa ile nitakuwa kazini na simu haturuhusiwi. Nipigie picha, mwanangu. Mama yako akimvuka mtoto kama desturi yetu, bibi akipiga kinu, vyote."

"Usijali, baba. Utaona kana kwamba umekaa hapahapa."

Ijumaa baada ya swala, nyumba yao ya Mansura, Misri, ilijaa watu mpaka kwenye ngazi. Nawara alipewa kazi mbili: kupiga picha, na kuwapelekea wageni vikombe vya mughati, kile kinywaji kizito cha samli na njugu anachopewa mzazi na kila anayekuja kumpongeza. Alipeleka sinia, akarudi, akajimiminia na yeye kikombe, halafu kingine. Akalamba vidole, akaichomoa simu mfukoni.

Yasin alilazwa ndani ya chekeche kubwa katikati ya sebule, amevaa gauni jeupe. Mama akamvuka mara saba, polepole, maana mwili ulikuwa haujapata nguvu. Bibi Inshirah akapiga kinu cha shaba karibu na kichwa cha mtoto, huku akimwusia, "Msikilize mama yako. Baba yako usimsikilize. Na mimi usinisikilize kabisa, nimezeeka, nasahau ninachosema." Wageni wakacheka, chumvi ikarushwa hewani, watoto wakaimba. Nawara alisimama akiutazama mlango wa roshani uliokuwa wazi, akabonyeza, akabonyeza. Picha sitini na mbili. Hakusimama kutazama hata moja.

Alizitazama baadaye, ameketi ngazini na binamu yake Kenzi.

"Mbona watu wote kama wamo ndani ya mvuke wa bafuni?" Kenzi aliuliza. "Na huyu mweusi ni nani?"

"Mama."

"Na hiki hapa?"

"Yasin."

"Nilidhani mkate."

Nawara hakucheka. Alipitisha picha moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa vilevile: ukungu mweupe, na ndani yake vivuli visivyo na nyuso. Akilini alimwona baba kitandani kwake kule mbali, ametoka kazini, anafungua simu.

"Sema simu ilijizima," Kenzi alimnong'oneza. "Nani atajua?"

Mama alikuwa amejilaza chumbani, na bibi yuko pembeni yake akipanga mifuko ya peremende za majirani. Nawara alisimama mlangoni.

"Simu ilijizima. Haikuhifadhi picha hata moja."

 Bibi aliuweka chini mfuko alioushika.

"Simu haijizimi hivihivi siku ya furaha. Hilo ni jicho la husuda. Nani aliyeingia hapa akasema 'mtoto mnene namna hii' bila kutaja mashaallah? Mama Ragab wa ghorofa ya tatu. Nilimsikia kwa masikio yangu." Akautoa mfuko mmoja kwenye sinia. "Huyu asipelekewe kitu. Na mlango huu asiukanyage tena."

 Mama Ragab ndiye aliyekuwa akileta supu ya njiwa kila mchana tangu mama aliporudi kutoka hospitali. Alikuwa na magoti mabovu, na hata hivyo alishuka nayo ngazi zote zile.

"Bibi," alisema, "simu haikujizima. Picha zipo. Nimeziharibu mimi, nikaogopa kusema."

 Mama akanyoosha mkono, akaipokea simu, akazitazama picha, kisha akaigeuza nyuma. Kabla ya kuolewa alikuwa akifanya kazi kwenye duka la picha karibu na stesheni.

"Umekunywa mughati vikombe vingapi?"

"Viwili."

"Na vidole ukavifutia wapi?"

 Mama alikisugua kioo kidogo cha kamera kwa ncha ya mtandio, akamwonyesha alama ya samli iliyobaki kwenye kitambaa. "Ukungu wako huu hapa. Na ule weusi ni kwa sababu ulielekea roshani. Mwanga ukiwa nyuma ya mtu, uso wake unakuwa giza. Usimame wewe uupe mwanga mgongo."

"Basi turudie kumvuka?" Nawara aliuliza.

"Hakurudiwi," bibi alisema.

"Haturudii," mama naye alisema. "Baba yako akiona tunaigiza atajua. Lakini mtoto bado ana gauni lake, na jua bado lipo. Nenda kanawe mikono."

Nawara alinawa, akapanda mwenyewe hadi ghorofa ya tatu na mfuko wa peremende, akamwomba Mama Ragab ashuke naye. Bibi Inshirah, kwa aibu, alimpisha kiti chake na kumwongezea mfuko wa pili.

"Leo naheshimiwa hivi, kuna nini?" Mama Ragab aliuliza.

"Kaa tu, dada. Kunywa."

Safari hii Nawara aliupa mlango wa roshani mgongo. Alipiga magoti mpaka macho yake yakawa sawa na ya Yasin, akasubiri. Alisubiri mpaka mtoto aliposhika kidole cha bibi na Mama Ragab akaangua kicheko, ndipo akabonyeza. Alitazama kila picha kabla ya kupiga nyingine. Zilikuwa kumi tu.

Baba alipopiga jioni, Nawara alianza yeye. "Baba, za mama akimvuka Yasin zimeharibika. Ni mimi, nilikuwa na samli mikononi. Halafu nikadanganya."

Baba alizitazama zile kumi alizotumiwa, moja baada ya nyingine. "Mama yangu amezeeka," alisema hatimaye. "Na huyu bwana ana kidevu changu."  "Zile mbovu umezifuta?"

"Bado."

"Nitumie zote. Hata kwenye ukungu nitawajua watu wangu."

Nawara alianza kuzituma, na mama akasogea kumpa nafasi kitandani.

"Kioo tumekisafisha kwa mtandio," mama alisema. "Jina la Mama Ragab tungelisafisha kwa kitambaa gani? Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo, wakati jua bado lipo."