Pazia la Mkataji

Mume wangu ni fundi cherehani, na kukata nguo anakujua hasa. Lakini alikuwa akikata nyuma ya pazia. Sisi wanawake wanne tulikaa mbele na cherehani zetu, tukisubiri vipande. Hata mimi, mke wake wa ndoa, marufuku kuchungulia!

"Nikiwaonyesha, kesho mtafungua duka lenu," alisema.

"Nifungue duka nikuache na nani, baba watoto?"

Alicheka, lakini pazia halikusogea.

Mtaani kwetu kulikuwa na ofisi ya serikali iliyofundisha ufundi: kukata nguo, kuchomelea vyuma, kufunga umeme. Siku ilipofungwa, mume wangu alishangilia. "Afadhali! Walikuwa wananizalishia washindani."

Mwalimu wa ushonaji wa pale alikosa kazi. Akaanza kuuza mayai ya kuchemsha karibu na mlango wetu.

Miezi minane baadaye, hospitali ikatuletea kazi: sare mia tatu za wauguzi, kwa wiki tatu. Tulifurahi jamani! Zamani, kazi kubwa ikija, mume wangu alikwenda pale ofisini kuchukua wakataji wawili waliohitimu. Safari hii alizunguka mji mzima. Wa zamani walishaajiriwa mbali, wapya hakuna. Kijana mmoja aliyempata alijisifu weee, kisha mikono yote ya sare akaikata ya upande wa kushoto. Mwalimu alikuwepo hapo mlangoni, ila mume wangu aliona haya kumwomba.

Akakata peke yake. Siku ya tano kiganja kikavimba, mkasi ukamshinda. Sisi tukabaki tunatazamana. Muuza nyuzi akaja kuuliza mbona hatununui.

"Hospitali watachukua kazi yao," mume wangu alisema. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Nikatoka, mimi mwenyewe nikamwita mwalimu.

"Pole, kaka," mwalimu alisema. "Nikwambie ukweli?"

"Sema tu."

"Ofisi ilipofungwa, ulidhani tumeumia sisi walimu peke yetu. Kumbe wakataji wako tulikuwa tunakufundishia sisi, wewe hukupoteza hata siku moja kuwafundisha. Sasa hawapo. Dada hawa hawana cha kushona, muuza nyuzi hauzi, hata mayai yangu yanalala."

Mume wangu aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mwalimu. Sasa nifanyeje?"

"Fundisha hawa ulio nao. Mimi nitakata na wewe. Kisha mafundi wote tuandike barua, tuiombe serikali ifungue ofisi. Duka moja haliwezi kufanya kazi ya ofisi nzima."

Mume wangu akainuka, akalivuta pazia kwa mkono wa kushoto, likaanguka na vishikizo vyake. Akalitandaza mezani.

"Mama watoto, njoo. Shika chaki."

Nikaishika. "Na nikiharibu?"

"Ndiyo maana nimekupa pazia."

Sare zilifika hospitali siku ya mwisho, jioni. Barua yetu ilitiwa sahihi na mafundi thelathini na mmoja. Jibu bado, tunafuatilia. Kila Alhamisi mwalimu anafundisha dukani kwetu, na mlango uko wazi.

Mimi sijafungua duka. Lile pazia ni aproni yangu sasa. Mfuko wake umekaa upande, na mume wangu anataka kuurekebisha. Nimemkatalia. Ndicho kipande cha kwanza nilichokata maishani mwangu.